Darasa Moja, Watoto Mbali Mbali: Kwa Nini Walimu Huandaa Masomo kwa Pamoja

Tarehe 23 Septemba, 1964, Serikali ya Mapinduzi chini ya uongozi wa Marehemu Mzee Abeid Amani Karume ilitangaza elimu bila ya malipo kwa watoto wote wa Unguja na Pemba. Tangu siku hiyo mtoto wa mkulima wa Micheweni na mtoto wa karani wa Mjini wana haki ya kuingia skuli kwa mlango mmoja. Sera ya Elimu ya mwaka 2006 nayo ilitilia mkazo kwamba watoto wenye ulemavu na wenye mahitaji maalumu wasomeshwe pamoja na wenzao. Mlango, basi, uko wazi. Makala haya yanahusu yale yanayotokea baada ya mlango huo kupitwa, pale mtoto anapokaa darasani na wenzake arubaini, hamsini au hata zaidi, mbele ya mwalimu mmoja, ubao mmoja na somo moja.

Yapo masuali mawili ambayo wazazi huyauliza mara kwa mara, wakiwemo watumishi wenzetu wa Serikali. La kwanza ni hili: kwa nini mwanangu kapewa hesabu zisizofanana na za mwenzake, ilhali wote wawili wako darasa la nne? La pili: kwa nini walimu hukaa chumbani mwao saa nzima wakizungumza badala ya kuwa darasani? Wanaouliza suali la kwanza huwa na khofu kwamba mtoto wao ameonewa. Wanaouliza la pili hudhani kwamba mshahara wa Serikali unaliwa bure. Tunapenda kueleza kwamba masuali haya mawili yana jibu moja, na kwamba jambo la kwanza haliwezekani bila ya la pili.

Inafaa kwanza ieleweke kwamba watoto wa darasa moja hawaanzi mahali pamoja. Yupo aliyepitia skuli ya maandalizi kwa miaka miwili, na yupo ambaye siku yake ya kwanza ya darasa la kwanza ndiyo siku aliyoshika kalamu kwa mara ya kwanza. Yupo ambaye nyumbani kwao vitabu vipo na dada yake humsaidia, na yupo ambaye msimu wa karafuu huwafuata wazee wake shambani na kukosa masomo. Mwengine haoni vyema kilichoandikwa ubaoni na hajawahi kumwambia mtu. Mwalimu akisomesha kwa kiwango cha wastani, wa mbele huchoka kwa kungoja, na wa nyuma hupotea.

Aliyepotea aghlabu hasemi. Hukaa kimya, hunakili yaliyomo ubaoni kwa hati safi, daftari lake hujaa, na mzazi akilifungua jioni huridhika. Kupotea kwake hujulikana miaka kadhaa baadaye, katika mtihani, wakati ambapo kurudi nyuma ni kazi kubwa. Na wengi wa watoto wa namna hiyo hawangojei hata kurudishwa, huacha skuli wenyewe. Mwandishi wa makala haya anamkumbuka mwalimu wake mmoja wa hisabati wa sekondari ambaye kila alipomaliza kueleza aliuliza, "Mumefahamu?", na darasa zima likaitikia, "Ndiyo, mwalimu!" Sauti ya mwandishi ilikuwa miongoni mwa zilizoitikia kwa nguvu zaidi, na hakuwa amefahamu kitu. Ilimchukua karibu mwaka mzima kuyarejea peke yake yale aliyoyaitikia.

JAMBO HILI SI GENI KWETU

Ufundishaji unaozingatia tofauti za wanafunzi ni ule ambao mwalimu huweka lengo moja kwa darasa zima, lakini hupanga njia zaidi ya moja za kulifikia, kwa mujibu wa mahali alipo kila mtoto. Jina lake ni refu na laweza kumfanya msomaji adhani kwamba limeletwa na wageni. Sivyo. Wasomaji wetu waliopitia chuo cha Kurani, nao ni wengi, wanaujua utaratibu huu hata kama hawajapata kuupa jina.

Katika baraza ya chuo walikuwepo watoto ishirini au thalathini, na kila mmoja alikuwa na mahali pake. Huyu akitambua herufi kwa kijiti, yule akiziunganisha herufi na irabu zake, wa tatu yumo katika Juzuu Amma, na wa nne amekwisha karibia kukhitimu. Mwalimu hakuwasomesha wote aya moja kwa wakati mmoja. Alimwita kila mtoto mbele yake, akamsikiliza, akamsahihisha, na akampa mahali papya pale tu alipohakikisha kwamba pa jana pamekaa. Wakati huo wakubwa waliwasikiliza wadogo. Hatujapata kusikia mzazi aliyekwenda kulalamika kwamba mwanawe yumo katika Amma ilhali wa jirani amefika Tabaraka. Kila mzazi alifahamu kwamba mtoto husogea anapokuwa tayari kusogea.

Hatusemi kwamba kila kilichokuwamo chuoni kiigwe. Bakora ilikuwepo, na pengine iliwafukuza watoto ambao wangelisoma. Tena chuo kilikuwa na kazi moja, na mwalimu wake aliijua njia yote tangu mwanzo hadi mwisho. Skuli ina masomo mengi na vipindi vifupi, na kengele haimngoji mwalimu awasikilize watoto sitini mmoja mmoja. Utaratibu wa chuo hauwezi kuhamishwa kama ulivyo. Kinachoweza kuhamishwa ni lile suali ambalo mwalimu wa chuo alijiuliza kwa kila mtoto: huyu amefika wapi?

Katika nchi za nje jambo hili limeandikiwa vitabu vingi. Miongoni mwa wanaotajwa sana ni Bibi Carol Ann Tomlinson wa Marekani, ambaye alisomesha katika skuli za Serikali kwa miaka mingi kabla ya kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Virginia. Kwa maelezo yake, mwalimu aweza kubadilisha yale wanayosoma watoto, au njia wanayoipitia katika kusoma, au kazi wanayoifanya ili kuonesha kwamba wamefahamu. Lengo la somo hubaki pale pale kwa wote. Nukta hii ya mwisho ndiyo ambayo baadhi ya walimu huisahau, wakadhani kwamba kuzingatia tofauti ni kuwapa baadhi ya watoto kazi nyepesi ili watulie.

MFANO WA KIBABA NA PISHI

Tuchukue somo la kujumlisha sehemu, na tuseme skuli ina Darasa la Nne A, B na C, kila moja na mwalimu wake. Walimu hawa watatu wanakaa pamoja Alkhamisi kuandaa somo la Jumatatu, na hesabu wanayoanza nayo ni 1/2 + 1/4.

Suali lao la kwanza si kitakachoandikwa ubaoni, bali ni mahali watakapokosea watoto. Mmoja wao, mwenye uzoefu wa miaka mingi, anasema kwamba wengi watajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, wapate 2/6. Kosa hili linajulikana kwa walimu wa nchi nyingi, nalo halitokani na ujinga. Mtoto ametumia kanuni anayoijua ya namba nzima mahali isipofaa. Mwalimu wa pili anashauri kwamba watoto wasiambiwe tu kuwa wamekosea. Waachwe waone wenyewe kwamba 2/6 ni sawa na 1/3, na kwamba 1/3 ni ndogo kuliko ile nusu waliyoanza nayo. Itakuwaje mtu aongezewe kitu, kisha alichonacho kipungue?

Mwalimu wa tatu, kijana aliyetoka mafunzoni karibuni, anavikumbuka vipimo vya bibi yake: kibaba, kisaga na pishi. Vibaba viwili ni kisaga kimoja, na vibaba vinne ni pishi moja. Kisaga, kwa hiyo, ni nusu ya pishi, na kibaba ni robo yake. Mchele wa kisaga ukitiwa juu yake wa kibaba hupatikana vibaba vitatu, yaani robo tatu ya pishi, na hakuna mtoto aliyewahi kutumwa dukani na mama yake atakayesema kwamba mchele umepungua.

Hapo ndipo wanapogawana kazi. Mmoja anaandaa kazi ya watoto ambao bado hawajaelewa kwamba sehemu ni mgawanyo ulio sawa: makopo, mchanga mkavu badala ya mchele, kupima, kuchora na kuandika. Wa pili anaandaa kazi ya walio wengi, ambao watafanya 1/2 + 1/4 na hesabu za mfano wake kwa kuchora tu, bila ya kushika kopo. Wa tatu anaandaa kazi ya wale wanaomaliza mapema, nayo ni 1/3 + 1/4. Hii kibaba hakiwezi kuijibu, kwani katika vipimo vile hakuna cha theluthi. Mtoto atalazimika kuigawa pishi katika sehemu 12 ili apate 7/12, na katika kuhangaika huko ataelewa kwa nini inabidi namba za chini zifananishwe. Mwisho wa kipindi watoto wote hurudi pamoja, na wote huulizwa suali moja: kwa nini nusu na robo haziwi 2/6? Si ajabu jawabu zuri likatoka kwa mtoto wa makopo, kwani yeye amelishika kwa mkono wake.

Sasa msomaji apige hesabu. Mwalimu mmoja akitaka kuandaa aina tatu za kazi kwa kila somo la kila siku, hatalala usiku, na baada ya wiki mbili ataacha na kurudia kunakilisha ubaoni. Hatutamlaumu. Walimu watatu wakigawana, kila mmoja huandaa aina moja na hupokea mbili kutoka kwa wenzake. Ile saa moja wanayoonekana wakizungumza chumbani, kwa hiyo, ndiyo inayomwezesha mtoto wa nyuma kupata kazi inayomfaa.

Nchini Japani utaratibu kama huu una historia ndefu, ambayo mizizi yake ni ya karne ya 19. Huko huitwa jugyō kenkyū, yaani uchunguzi wa somo, na huenda hatua moja mbele zaidi. Baada ya kuandaa pamoja, mwalimu mmoja husomesha, na wenzake huingia darasani kuwaangalia watoto: nani amekwama, kwa neno gani, na nani amepata njia ambayo hawakuitarajia. Kisha hukaa tena, hulirekebisha somo, na mwengine hulisomesha katika darasa lake. Mwaka 1999 Wamarekani wawili, James Stigler na James Hiebert, waliueleza utaratibu huo katika kitabu kilichosomwa sana, na tangu hapo umeenea katika nchi nyingi. Zambia iliuanza mwaka 2005 katika Jimbo la Kati kwa ushirikiano na Shirika la Maendeleo la Japani, JICA. Jirani zetu wa Kenya walikuwa wameanza mwaka 1998, kwa msaada wa shirika hilo hilo, mpango wa kuwaendeleza walimu wa sayansi na hisabati wa sekondari. Kwa uzoefu wetu wa mambo ya ofisini, ugumu wa utaratibu huu si wa fedha. Ni ugumu wa mtu mzima kukubali mwenzake aingie darasani mwake. Walimu waliouzoea hukubaliana mapema kwamba kinachopimwa ni somo waliloliandaa wote, na wala si yule aliyesimama mbele.

KUHUSU MAKUNDI

Mzazi anayesikia kwamba mwanawe yumo katika kundi la makopo hushituka, na mshituko huo una sababu. Makundi yakiwa ya kudumu, watoto wale wale wakakaa kona ile ile kutoka Januari hadi Disemba, na wenzao wakawapachika jina, mtoto atajiona ni wa nyuma na atabaki nyuma. Mzazi akiliona jambo hilo ana haki ya kulalamika, na sisi tutakuwa upande wake. Kundi linalofaa ni la somo moja au la wiki moja. Mtoto aliyekuwa na makopo katika sehemu aweza kuwa wa mbele katika vipimo vya mraba wiki ijayo, na mwalimu anapaswa kuwa na daftari linaloonesha nani amehama, kwenda wapi, na lini.

Shirika la Pratham la India, lililoanzishwa Mumbai mwaka 1995, limejulikana ulimwenguni kwa kazi ya namna hii. Watoto hupimwa kusoma kwa maneno na aya chache tu, kisha kwa sehemu ya siku hukaa kwa kiwango chao badala ya darasa lao. Hupimwa tena, na huhamishwa. Wachumi Abhijit Banerjee na Esther Duflo, ambao ni miongoni mwa watatu waliopata Tunzo ya Nobel ya mwaka 2019, waliichunguza kazi hiyo kwa miaka mingi na kuona kwamba huwasaidia hasa watoto walioachwa nyuma. Sehemu iliyobaki ya siku watoto husoma na darasa lao kama kawaida.

Lugha nayo yataka kutazamwa. Sera ya mwaka 2006 iliagiza kwamba hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Walimu wengi walikutana na mtoto aliyekuwa akiijua vyema robo tatu ya pishi, ambaye ghafla alinyamaza kimya. Mwalimu aliyekuwa peke yake alimhesabu kuwa hajui hesabu. Mwalimu aliyekaa na mwenzake wa Kiingereza aligundua kwamba tatizo lilikuwa maneno matano au sita, na kwamba maneno hayo yangeliweza kusomeshwa katika kipindi cha Kiingereza siku mbili kabla ya somo la hisabati. Kadhalika kwa mtoto mwenye uoni hafifu au usikivu hafifu: kukaa mbele, maandishi makubwa, na mwalimu kutozungumza huku ameelekea ubaoni, ni mambo madogo ambayo mwalimu wa somo moja huyajua na wa somo jengine hayajui mpaka wakutane.

Tunakiri kwamba wakati ni mgumu kupatikana, na zaidi katika skuli zenye mikondo miwili, ambako walimu wa asubuhi hutoka wakati wa mchana wakiingia. Hapa jukumu ni la mwalimu mkuu. Kipindi kimoja kwa wiki ambacho walimu wa somo moja wote hawana darasa kikiandikwa katika ratiba tangu mwanzo wa muhula, hupatikana. Kikiachwa kutafutwa kila wiki, hakipatikani. Skuli ndogo, hasa za visiwa vidogo, huenda zikawa na darasa moja tu kwa kila ngazi. Huko mwalimu wa hisabati wa darasa la tatu aweza kukaa na wa la nne na wa la tano, na pengine wakafaidika zaidi, maana wa tano atamwambia wa tatu ni jambo gani watoto humfikia bila ya kulijua. Vituo vya Walimu, kama vile vya Dunga na Mkwajuni kwa Unguja, na Mitiulaya na Wingwi kwa Pemba, vilijengwa kwa ajili ya mikutano ya namna hii baina ya skuli na skuli.

Kwa ndugu zetu wakaguzi tuna neno moja. Mkaguzi akikuta maandalio matatu ya somo yanayofanana asiharakishe kuandika kwamba walimu wamenakiliana. Amuulize kila mmoja ni wapi alipolibadilisha andalio kwa ajili ya watoto wa darasa lake. Mwenye kuonesha mahali hapo ameandaa. Asiyeweza amenakili, na hapo mkaguzi aandike anavyoona. Vipo pia vikao ambavyo mmoja huandika, waliobaki hungojea kunakili, na chai ndiyo inayomalizika kwanza. Mwananchi anayenung'unikia vikao hivyo hakosei.

Mzazi anayetaka kujua kama mwanawe anasomeshwa kwa utaratibu huu asitosheke na kuona daftari lililojaa. Amwambie mtoto amueleze hesabu moja kwa maneno yake mwenyewe, au amsomee aya moja ambayo haikunakiliwa ubaoni. Akiona mtoto amekwama, aonane na mwalimu wa darasa na amuulize mtoto amefika wapi, anapewa kazi gani wiki hii, na ni lini atapimwa tena. Ikiwa hakuridhika, amuone mwalimu mkuu, na baada ya hapo Ofisi ya Elimu ya Wilaya. Watumishi wa Serikali wenye watoto wanakumbushwa kwamba kwenda skuli kwa shughuli hiyo huombewa ruhusa kwa mkuu wa kazi kama shughuli nyengine yoyote ya familia.

Mwisho, mzazi aliye na kibaba, kisaga au pishi ya zamani nyumbani kwake ambayo haitumiki tena anaombwa aifikishe katika skuli iliyo karibu naye. Makopo ya maziwa hufaa, lakini hayakupimwa kuwa robo na nusu, na walimu hupoteza muda mwingi kuyakata.